Neno Lililokosekana: Safari ya Mswada wa Riba Bungeni

Kwa miaka mitatu, kuanzia Septemba 2016, kifungu cha 33B cha Sheria ya Benki nchini Kenya kiliagiza kwamba riba ya juu kabisa ya mkopo iwe "isiyozidi asilimia nne, kiwango cha msingi kinachowekwa na kutangazwa na Benki Kuu ya Kenya". Hebu rudia kusoma polepole. Nchi nzima ilijua kilichokusudiwa: benki isitoze zaidi ya asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Lakini maneno "juu ya" hayamo. Pale yalipostahili kukaa pana alama ya mkato tu.

Mstari uliofuata ulimhusu mwenye akiba. Benki ilitakiwa imlipe angalau asilimia sabini ya kiwango hicho kwa amana iliyomo katika "yenye kuleta riba". Katika nini? Katika akaunti, bila shaka, ila neno akaunti lilikuwa limedondoka njiani. Na aliyevunja amri hizi alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni moja, au mkuu wa benki aende jela si chini ya mwaka mmoja.

Machi 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliitazama lugha hiyo na kusema haiwezekani kumfunga mtu kwa maneno yasiyoeleweka. Kufikia hapo mswada ulikuwa umepita mikononi mwa waandishi wa sheria, wachapishaji, kamati ya Bunge, mamia ya wabunge na Ikulu. Nimechagua kuifuata safari yake hatua kwa hatua kwa sababu watu wengi tunaujua mswada siku mbili tu: siku unapozusha kelele na siku rais anapotia saini. Yanayotokea katikati ndiyo yanayoamua kama sheria itamsaidia mkopaji au itamwacha mikono mitupu.

Kwanza tukumbuke hasira ya wakati ule. Kufikia katikati ya 2016 wastani wa riba ya mikopo ya benki ulikuwa karibu asilimia 18 kwa mwaka. Aliyekopa milioni moja kununua matatu au kujenga vyumba vya kupangisha alilipa riba ya takriban shilingi 180,000 katika mwaka wa kwanza, huku jirani yake aliyeweka pesa katika benki ileile akipata chini ya nusu ya kiwango hicho. Isitoshe, katika muda wa miezi minane benki tatu zilikuwa zimeanguka au kuwekwa chini ya usimamizi: Dubai Bank Agosti 2015, Imperial Bank Oktoba, na Chase Bank Aprili 2016. Watu walipanga foleni milangoni wakitafuta pesa zao wenyewe. Mbunge aliyesimama wakati huo na kusema benki zidhibitiwe hakuhitaji kumbembeleza mtu amwunge mkono.

Mbunge huyo alikuwa Jude Njomo wa Kiambu Mjini. Hakuwa wa kwanza kujaribu. Joe Donde, mbunge wa Gem, alipitisha sheria ya kudhibiti riba mwaka 2000, nayo ikaangukia mahakamani, kosa lake kubwa likiwa kwamba ilitaka kuanza kutumika tarehe iliyokwisha kupita. Miaka kumi hivi baadaye Jakoyo Midiwo, naye wa Gem, akajaribu tena akashindwa Bungeni. Njomo alikuwa wa tatu.

Mswada huingia Bungeni kwa mlango mmojawapo kati ya miwili. Upo mlango wa serikali: wizara huandaa sera, Baraza la Mawaziri huikubali, na waandishi wa sheria katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu huigeuza kuwa vifungu. Upo pia mlango wa mbunge binafsi, na huo ndio aliopitia Njomo. Mbunge hupeleka pendekezo kwa Spika, na wanasheria wa Bunge humsaidia kuliandika. Spika huuliza kama pendekezo linagusa fedha za umma, kwani chini ya Kifungu cha 114 cha Katiba mswada unaozigusa hauendelei bila mapendekezo ya kamati inayohusika. Kuweka kikomo cha riba hakuchoti hata senti katika hazina, kwa hiyo kizuizi hicho ni chepesi. Jambo zito ni kwamba mbunge binafsi hana wachumi wa wizara nyuma yake. Ana wazo, ana hasira ya wapiga kura wake, na ana muda mfupi. Mswada wa namna hii ukikosa msomaji makini mwanzoni, unaweza usimpate kamwe.

Baada ya hapo mswada huchapishwa katika toleo maalumu la Gazeti Rasmi la Serikali. Hapa ndipo mwananchi yeyote anaweza kwa mara ya kwanza kuyasoma maneno yenyewe, si simulizi za redio kuhusu maneno hayo. Kusomwa kwa Mara ya Kwanza ni jambo la dakika moja: karani husoma kichwa cha mswada kwa sauti, hakuna mjadala, na mswada unapelekwa kwa kamati.

Kamati ndiyo ninayotaka tukae nayo. Kenya ina kamati za idara, na miswada ya benki huenda kwa ile inayoshughulikia fedha na mipango. Wabunge wachache huketi mezani na karatasi mbele yao, wanamwita gavana wa Benki Kuu, wanaiita wizara, wanawaita wenye benki na wateja. Gavana wa wakati ule, Patrick Njoroge, hakuficha kwamba alipinga kikomo cha riba. Wenye benki walipinga pia. Mabishano yote yalikuwa juu ya swali moja kubwa: je, ni sawa serikali kupanga bei ya pesa? Swali hilo lilistahili kubishaniwa. Lakini mtu anapobishana kama nyumba ijengwe au isijengwe, ni rahisi asigundue kwamba ramani haina mlango.

Maswali madogo ndiyo yangeiokoa sheria. Kiwango cha msingi ni kipi? Wakati huo Benki Kuu ilitangaza viwango viwili: kile cha sera yake, yaani kiwango inachokopeshea benki, na kingine kilichoanzishwa Julai 2014 kiwe rejeleo la benki zote zinapopanga riba. Mkopo ni nini hasa? Je, pesa zinazokopwa kwa simu zimo? Na ada? Mkopo wa M-Shwari, kwa mfano, ulitozwa asilimia 7.5 kwa siku 30, nayo iliitwa ada ya huduma. Ukizidisha kwa miezi kumi na miwili unapata asilimia 90 kwa mwaka, lakini kwa kuwa karatasini haikuitwa riba, kikomo kiliipita hivi hivi. Mama mboga aliyekopa shilingi elfu mbili alfajiri aende kununua sukuma wiki hakuguswa na sheria iliyopigiwa debe kwa jina lake.

Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimisha Bunge kuushirikisha umma, na kamati ndiyo hutekeleza wajibu huo. Karani wa Bunge huweka tangazo magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, likitaja jina la mswada, siku ya mwisho na mahali pa kupeleka maoni. Unaweza kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Huhitaji wakili. Maoni yenye nguvu si yale yanayosema "napinga" au "naunga mkono". Ni yale yanayotaja kifungu kwa nambari, yanaonyesha neno lenye kasoro na kupendekeza neno la kuliweka mahali pake. Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Mashirika makubwa yana watu wanaolipwa kufanya kazi hiyo kila siku. Chama cha akina mama sokoni hakina, na hata tangazo lenyewe huenda hawakuliona.

Kamati ikimaliza huandika ripoti. Ripoti hiyo ni ushauri tu, Bunge zima linaweza kuutupa, ila kwa kawaida wabunge wengi hawapati muda wa kusoma kitu kingine chochote kabla ya kupiga kura.

Kusomwa kwa Mara ya Pili ndiko kule tunakokuona kwenye runinga. Mwenye mswada anasimama na kueleza kusudi lake, mwingine anamuunga mkono, na wengine wanafuata. Hapa hujadiliwa roho ya mswada, si maneno yake. Ndiyo maana hotuba za hatua hii hujaa visa vya wapiga kura walionadiwa mashamba yao, na husikii mtu akiuliza kuhusu alama ya mkato. Kura ikipita, Bunge limesema tu kwamba wazo linakubalika.

Maneno yenyewe huja katika Kamati ya Bunge Zima, na hatua hii naomba uifahamu vizuri kwa sababu hupita kimya. Spika anaondoka kitini. Siwa ya Bunge, yaani rungu lake la heshima, inashushwa mahali pake pa chini, ishara kwamba wabunge wamekuwa kamati. Mwenyekiti anaketi mezani pamoja na makarani na kuvitaja vifungu kimoja kimoja. Mbunge mwenye marekebisho lazima awe ameyapeleka mapema kwa Karani kwa maandishi. Asiyefanya hivyo hukaa na kutazama kifungu kikipita. "Wanaokubali waseme ndio. Wasiokubali waseme la." Kifungu kinachofuata. Kwa kawaida ukumbi huwa na watu wachache, jioni, na waandishi wa habari wengi wameshatuma habari zao. Kama neno "juu ya" lingerudishwa mahali pake, lingerudishwa hapa, kwa mstari mmoja wa marekebisho.

Halikurudishwa. Kusomwa kwa Mara ya Tatu kukafuata, ambako hakuongezwi chochote, na mwishoni mwa Julai 2016 mswada ukapita.

Nchini Kenya kuna Bunge la Kitaifa na kuna Seneti, na msomaji anaweza kuuliza maseneta walikuwa wapi. Hawakuhusika. Kifungu cha 110 cha Katiba kinaipa Seneti miswada inayogusa serikali za kaunti. Usimamizi wa benki ni kazi ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo mswada huu haukuvuka kwenda upande wa pili. Pakawa na jozi moja pungufu ya macho.

Mswada ukifika Ikulu, rais ana siku 14 chini ya Kifungu cha 115. Anaweza kutia saini. Anaweza kuurudisha Bungeni na waraka unaoeleza asichokubali. Akinyamaza hadi siku hizo ziishe, mswada unakuwa sheria bila saini yake. Uhuru Kenyatta alikuwa na washauri wa Hazina, yaani wizara ya fedha, na wa Benki Kuu waliomwambia kikomo kitaumiza, na uchaguzi mkuu ulikuwa umebaki mwaka mmoja. Tarehe 24 Agosti 2016 alitia saini. Kesho yake hisa za benki ziliporomoka katika soko la Nairobi.

Sheria haianzi siku ya saini. Lazima ichapishwe ndani ya siku saba, kisha Kifungu cha 116 kinasema itaanza siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa sheria yenyewe itaje tarehe nyingine. Ndivyo tulivyofika tarehe 14 Septemba. Katika majuma hayo machache Benki Kuu ililazimika kuwaeleza wenye benki kwamba kiwango cha msingi kisomwe kuwa kile cha sera yake, ambacho wakati huo kilikuwa asilimia 10.5, na kwa hiyo riba isizidi 14.5. Yaani msimamizi alijaza kwa barua pengo lililoachwa na Bunge. Juma lililofuata kiwango kilikuwa katika mizani tena. Tarehe 20 Septemba kilishuka hadi 10, kikomo kikawa 14.

Walionufaika waliona nafuu ya kweli, na sitaki kuipuuza. Mwalimu au muuguzi wa serikali aliyekuwa tayari na mkopo wa benki aliona makato ya mshahara yakipungua au muda wa kulipa ukifupika. Kwa wengine mlango ulifungwa. Ikiwa benki inaruhusiwa asilimia 14 tu kwa mfanyabiashara mdogo asiye na hati ya shamba, na serikali inakopa kwa hati fungani kwa kiwango kinachokaribia hicho bila wasiwasi wa kutolipa, afisa wa mikopo hana haja ya kufikiri sana. Mikopo kwa sekta ya binafsi, ambayo ilikuwa imeanza kupungua kasi hata kabla ya sheria, ilizidi kudorora mwaka 2017. Kwa upande wa akiba benki zilihamisha wateja kutoka akaunti za akiba hadi akaunti za miamala ya kawaida zisizolipa riba, na asilimia sabini ikakosa pa kushika.

Mwaka 2018 Hazina ilitaka kikomo kiondolewe, na ikatumia njia ambayo kila anayefuatilia Bunge anapaswa kuijua: Mswada wa Fedha. Huu huletwa kila mwaka kwa ajili ya kodi, lakini hubeba abiria wengi. Ndani yake, kati ya ushuru wa mafuta na ushuru wa bidhaa, huingizwa marekebisho ya sheria ambazo hazina uhusiano na kodi. Ukitaka kujua hatima ya sheria ya benki, ya kamari au ya simu, usisubiri mswada wenye jina hilo. Pekua Mswada wa Fedha mpaka kurasa za mwisho. Wabunge waliukataa mpango wa Hazina kwa upande wa mikopo, kikomo kikabaki. Lakini kinga ya mwenye akiba ikaondolewa. Kelele zote za Septemba ile zilikuwa juu ya kodi ya asilimia 8 kwa mafuta, na mwenye akiba akapoteza haki yake bila maandamano.

Kisha ikaja hukumu ya Machi 2019. Majaji hawakusema Bunge halina uwezo wa kudhibiti riba. Walisema maneno hayaeleweki: kiwango cha msingi hakikufafanuliwa, mkopo haukufafanuliwa, na asilimia nne ilikuwa imening'inia peke yake. Waliipa nchi miezi 12 kabla ya hukumu kuanza kufanya kazi, ili Bunge lirekebishe. Hilo lilikuwa jambo la busara. Ilikuwa nafasi ya kuandika upya mistari miwili.

Njomo alirudi na mswada wa kusahihisha lugha. Hazina nayo ilirudi na Mswada wa Fedha wa 2019, safari hii ikipendekeza kufuta kifungu chote. Kwa mara ya pili wabunge walikikataa kipengele hicho. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Oktoba rais akaurudisha Mswada huo wa Fedha pamoja na waraka: 33B iondolewe.

Hapa hesabu inabadilika. Shughuli za kawaida za Bunge la Kitaifa zinahitaji akidi, yaani idadi ya chini ya waliopo, ya wabunge 50 tu, na wengi wa waliopo wakisema ndio, jambo limepita. Lakini kukataa pendekezo la rais kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Wabunge ni 349, ukimwacha Spika. Theluthi mbili yao ni 233. Haijalishi ni wangapi waliopo na wamesema nini. Mbunge aliye safarini, aliye mgonjwa, au aliyeamua kukaa mkahawani siku hiyo anahesabika sawa na aliyemuunga mkono rais. Ndiyo maana kiranja wa chama anayetaka waraka wa rais upite hana haja ya kushawishi mtu apige kura. Inatosha watu wasije.

Tarehe 5 Novemba 2019 wanaotetea kikomo walikusanyika, wakahesabu, wakajikuta hawafiki 233. Wabunge walewale ambao wiki chache nyuma walikuwa wameshinda kwa sauti sasa hawakuwa na idadi hata ya kujaribu. Pendekezo la rais likasimama. Tarehe 7 akatia saini, na kifungu cha 33B, pamoja na mkato wake, kikaondoka katika vitabu.

Katika maneno yaliyochukua nafasi yake kulikuwa na ulinzi mmoja, na safari hii uliandikwa vizuri: mikataba iliyofungwa chini ya sheria ya zamani ingeendelea kwa masharti yake. Kiwango cha Benki Kuu wakati huo kilikuwa asilimia 9, kwa hiyo kikomo kilikuwa 13. Aliyesaini mkopo wa miaka mitano mwishoni mwa Oktoba aliendelea kulindwa na kikomo hicho. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, aliyekosa nakala moja ya kitambulisho na kuambiwa arudi wiki ya pili ya Novemba, alikuta karatasi ambayo nafasi ya riba ilikuwa imeachwa wazi ili afisa aijaze.